Kumheshimu Mzazi na Kumkataza



Kila mwaka katika darasa la kipaimara hufika siku ya kufundisha Amri ya Nne, na kila mwaka hutokea mtoto mmoja, mara nyingi yule aketiye nyuma kabisa, akauliza swali lile lile: "Mchungaji, baba akiniagiza jambo baya, nimtii?" Swali hilo nalijibu upesi, maana mitume wamekwisha kulijibu. Lakini liko swali jingine ambalo watoto hawaliulizi, kwa kuwa ni la watu wazima. Baba akitaka jambo ambalo si dhambi, jambo jema kabisa, ila macho yake au nguvu zake hazitoshi tena kuiona hatari iliyomo, je, mwana amkataze? Na akimkataza, amemheshimu au amemvunjia heshima? Hilo sikufundishwa chuoni. Nusu ya jibu lake naliiona angani, katika nchi ya baridi, nami nataka kuwasimulia.

Mwezi wa Februari mwaka 2018 nalitumwa pamoja na wenzangu wawili kuzitembelea sharika rafiki katika jimbo la Minnesota, huko Marekani. Jimbo lile limepakana na Kanada, na wakati wa baridi maziwa yake huganda hata watu wakaendesha motakaa juu yake, wakatoboa tundu katika barafu na kuketi ndani ya vibanda vidogo wakivua samaki. Sisi watu wa Njombe hudhani twaijua baridi, kwa kuwa mwezi wa Juni na Julai twaona jalidi mashambani. Mimi naliacha kujisifu siku ile ya kwanza.

Mwenyeji wangu alikuwa mtu wa miaka kama hamsini, fundi wa mabomba ya maji. Baba yake alikuwa mkulima aliyestaafu, mwenye miaka 79. Wote wawili walikuwa na sehemu katika eropleni moja ndogo ya namna iitwayo Cessna 172. Namna hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1956, na tangu hapo zimeundwa zaidi ya 44,000. Ina injini moja na viti vinne, na mabawa yake yako juu ya kichwa cha abiria. Ni ndugu mdogo wa zile eropleni za MAF ambazo wengi wenu mmeziona zikitua katika viwanja vya nyasi.

Nimesema "sehemu", maana haikuwa yao peke yao. Mwenzi wao wa tatu alikuwa mama mmoja, mwalimu wa shule, ambaye siku za Jumamosi huwapandisha watoto wake wawili. Kila mwenzi hulipa theluthi ya kodi ya banda na ya bima, na kila arukaye hulipia saa zake: petroli, na akiba ya siku ile injini itakapohitaji kufanywa upya. Mwenye kuwahi kumiliki mashine ya kusaga pamoja na shemeji zake ajua jinsi mali ya shirika inavyomaliza udugu. Nikamwuliza mwenyeji wangu wao wamewezaje. Akanionyesha daftari iliyofungwa kwa kamba karibu na mlango wa banda. Kila ashukaye lazima aandike humo kasoro aliyoiona, hata ikiwa ndogo, hata ikiwa yeye ndiye aliyeifanya. "Tairi la kushoto lapungua upepo." "Nimevunja kishikio cha mlango wa kuume, nitalipa." Basi mwenzi ajaye husoma kwanza, ndipo hupanda.

Jambo jingine nililoelezwa ni la unahodha. Sisi husema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Huko jambo hili limeandikwa katika sheria ya nchi. Katika kila safari mtu mmoja tu ndiye msimamizi wa eropleni, yeye ataulizwa kwa lolote litokealo, na neno lake ni la mwisho. Sheria haiulizi ni nani aliyemzaa nani. Mzee ndiye aliyemfundisha mwanawe kurusha alipokuwa kijana wa miaka 17, na kwa miaka mingi mzee aliketi kiti cha kushoto, ambacho ni cha msimamizi. Alipofika miaka 75 hakurudi tena kwa daktari kutafuta cheti cha afya. Siku moja alikuja bandani, akaizunguka eropleni, akaketi kiti cha kuume. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo, wala neno halikusemwa.

Tangu siku za mafunzo mzee alikuwa amemwekea mwanawe kanuni moja: yeyote aliyemo, akisema "Turudi", basi hurudi, na mabishano hufanywa chini.

Jumamosi ile dada wa mzee, mwenye miaka 86, alikuwa mgonjwa sana katika mji ulio mbali. Kwa motakaa, katika njia zenye theluji, ni mwendo wa saa nne. Kwa eropleni ni saa moja na robo. Wakaniomba nifuatane nao ili niombe pamoja na mgonjwa. Asubuhi kipimo kilionyesha digrii 17 chini ya sifuri. Injini ilikuwa imepashwa moto kwa umeme usiku kucha, maana watengenezaji wake wanaagiza hivyo baridi ikizidi digrii 12 chini ya sifuri. Mzee akavua glavu, akapitisha kiganja kitupu juu ya bawa, ijapokuwa eropleni ililala ndani. Akaniambia kwamba jalidi nyembamba, yenye mkwaruzo kama wa karatasi ya msasa, yaweza kuliondolea bawa sehemu 30 katika 100 za nguvu yake ya kunyanyua. "Macho hudanganywa, Mchungaji," akasema, "mkono haudanganywi." Neno hilo nalilikumbuka baadaye.

Tukaruka. Hewa ya baridi ni nzito na bawa huishika vema, basi tulikwenda kwa utulivu kuliko motakaa yoyote niliyoipanda. Chini yetu nchi yote ilikuwa nyeupe, na maziwa yalijulikana kwa vibanda vya wavuvi tu. Masikioni tulivaa vyombo vya kusikilizia, hivyo mimi nyuma nalisikia kila neno la wale wawili mbele. Mzee alisema vidole vyake vinamwuma kwa baridi. Mwanawe akavuta kifungo cha joto, hewa ya vuguvugu ikaingia, sote tukafurahi.

Yanipasa kueleza joto hilo latoka wapi. Hakuna moto wala umeme wake. Bomba la moshi wa injini limefunikwa kwa bati, na hewa ya nje hupita katikati ya bati na bomba, ikapata moto, ikaingia kwa abiria. Bomba likiwa zima, ni njia njema na haina gharama. Lakini likipata ufa, moshi wa injini huchanganyika na hewa ile, na ndani yake mna hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Ndiyo hiyo hiyo iuayo watu wetu huku milimani, walalapo na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Haina rangi wala harufu. Hushikana na damu kwa nguvu kupita oksijeni zaidi ya mara 200. Tena, nalo ndilo jambo la kutisha, mapema huanza kuharibu akili ile ile ambayo mtu angeitumia kujua kwamba anadhurika. Mwenye kuvuta hewa hiyo hujiona mzima, ila amechoka kidogo.

Tulikuwa tumeruka kama dakika 20 hivi kidude kidogo kilichobandikwa mbele ya mwenyeji wangu kikaanza kulia. Akakitazama, akafunga joto mara moja, akafungua matundu ya hewa ya nje. Baridi ikaingia kama visu.

"Baba, hewa si safi. Twashuka katika kiwanja kilicho karibu."

"Kidude hicho kililia hata mwaka jana," mzee akasema, "ikaonekana ni betri. Fungua joto. Dada yangu anangoja."

"Twashuka, Baba."

"Eropleni hii nimeirusha miaka 30. Harufu ya moshi naijua."

"Sumu hii haina harufu. Wewe ndiwe uliyenifundisha."

Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa sauti ambayo sijaisahau: "Mimi ni mtu mzima, nasikia baridi. Waninyima hata joto?"

Wapenzi, katika lugha yao hakuna shikamoo, wala mwana hana neno la pekee la kumnyenyekea mzazi. Lakini niliisikia heshima katika sauti ya mwana yule. Hakubishana na baba yake wala hakumcheka. Hakusema, "Mwenzetu wa tatu hatapenda," ingawa ilikuwa njia rahisi ya kumtupia mtu mwingine lawama. Alisema tu, "Ndiyo, Baba, nakunyima." Kisha akaniambia, "Mchungaji, tafadhali nipe blanketi lililo nyuma yako, na koti langu." Akamfunika baba yake magoti kwa blanketi, na kifua kwa koti, naye mwenyewe akabaki na sweta mbele ya tundu lile la upepo. Dakika 12 baadaye tulikuwa chini.

Kiwanjani hapakuwa na mtu. Tukaingia katika kibanda cha abiria, mwana akaanza kupiga simu. Ndipo nilipotambua kwamba kichwa kilikuwa kikinigonga tangu angani. Naliona, nikadhani ni kelele za injini, nami sikusema neno, maana mgeni halalamiki. Ningesema "Turudi" dakika kumi kabla ya kile kidude, kanuni ya mzee ingetosha kutushusha. Adabu yangu ilininyamazisha, na kwa kunyamaza kwangu tuliendelea kuvuta hewa ile sote watatu.

Haikuwa mara yangu ya kwanza kunyamaza hivyo. Baba yangu alikuwa mwinjilisti na mwalimu, naye alikuwa na motakaa kuukuu ya kubebea mizigo, aliyoipenda sana. Alipozeeka macho yake yalishikwa na mtoto wa jicho. Jambo hilo tulilijua nyumbani, kila mtu kivyake, hapakuwa na aliyelitamka. Jioni moja tulitoka mazikoni: baba akiendesha, mimi na mjomba kando yake, mama na dada yangu nyuma. Giza lilikuwa limeingia. Mama aligonga kioo, nikageuka, akanitazama. Nalijua anataka niseme nini. Wakati huo nalikuwa mchungaji tayari, mwenye miaka 32, tena naliweza kuendesha. Lakini nikamwona mjomba pale kati yetu, nikafikiri uso wa baba utakuwaje mbele ya shemeji yake, nikageuka mbele tena. Katika kona ya karavati baba hakuiona kingo. Wahenga husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Dada yangu alivunjika guu kwa sababu sisi sote tulimsikia mkuu. Hata leo huchechemea. Baba hakuendesha tena, wala kwa miaka mingi hakuitaja safari ile, nasi tukaendelea kumheshimu kwa kutoitaja.

Siku ile kibandani ndipo nilipojiuliza kwa mara ya kwanza: katika motakaa ile nalimheshimu nani? Kama nalimheshimu baba, ningaliyatunza maisha yake na ya mkewe na ya binti yake. Nalilinda uso wake kwa mjomba, na zaidi ya huo nalilinda uso wangu, nisionekane mwana mwenye kiburi. Mwana yule wa Minnesota aliukubali mzigo nilioukimbia mimi. Alikubali baba yake amwone kuwa mkatili kwa dakika 12, na pengine kwa muda mrefu zaidi.

Lakini msomaji asiyapokee haya upesi, maana nimeona pia jambo la upande wa pili. Nawajua wana waliowanyang'anya wazazi wao mashamba na funguo na fedha za pensheni, nao husema maneno haya haya: "Mzee haoni tena, twamtunza." Je, tutawatambuaje? Mimi naliangalia mambo machache. Mwana yule alikataa kwa ajili ya hatari iliyo mbele ya macho, hakukataa kwa ajili ya faida. Baridi aliyompa baba aliivumilia yeye kwanza. Na mamlaka yake yalikoma injini iliponyamaza: tulipokuwa chini mzee ndiye aliyeamua tule wapi na twende lini, na mwana akachukua mfuko wake. Anayenyang'anya shamba harudishi mamlaka jioni.

Tena yuko atakayesema kwamba mwana alimtii baba kwa kweli, maana alishika kanuni ambayo baba mwenyewe aliifundisha alipokuwa na nguvu. Hoja hiyo yanipendeza, lakini naiogopa. Mwana mjanja aweza kuchagua siku zote lile neno la baba limfaalo yeye. Luther naye aliingia nyumba ya watawa mwaka 1505 kinyume cha mapenzi ya Hans baba yake, aliyetaka asome sheria, akiamini kabisa kwamba Mungu amemwita. Mwaka 1521 aliandika kitabu juu ya nadhiri za watawa, akamwekea baba yake wakfu kitabu kile kwa barua iliyo wazi kwa watu wote, akikiri humo kwamba nadhiri ile aliiweka bila idhini yake, na kwamba baba alikuwa na haki. Ndiye yule yule ambaye mwezi wa Aprili mwaka ule ule alisimama Worms mbele ya Kaisari bila kurudi nyuma. Kwa hiyo nadhani amkatazaye mzazi lazima awe tayari kurudi kwake baadaye na kumtolea hesabu, hata ikipita miaka 16.

Nawe utauliza, gharama ilikuwa nini? Ilikuwa kubwa. Jirani mmoja alikuja kutuchukua kwa motakaa jioni, na kwa sababu ya theluji hatukufika kwa mgonjwa hata Jumapili alasiri. Mlezi alituambia kwamba Jumamosi yule mama aliamka na akili zake zote, akauliza tangu asubuhi ndugu yake atafika saa ngapi. Jumapili hakumtambua tena. Mzee akaketi akamshika mkono, nami nikaomba. Mwana alisimama mlangoni. Wakati ule hakuna aliyejua bado kama kidude kilisema kweli au ni betri.

Nasema kwamba hata kama ingekuwa betri, mwana alitenda vema. Mtu huamua kwa yale ayajuayo saa ile, naye alijua mambo mawili: kwamba onyo limetoka, na kwamba hakuna akili ndani ya eropleni ile, wala ya baba wala yake, iliyoweza kuaminiwa kuhukumu onyo hilo. Mkono haukuwa na bawa la kupapasa.

Haikuwa betri. Fundi alilifungua bati Jumatatu, akaonyesha ufa katika bomba la moshi, mrefu kama kidole changu cha mwisho, mwembamba kama unywele. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 21 Januari 2019, mcheza mpira Emiliano Sala wa Argentina alikuwa akisafiri usiku katika eropleni ndogo ya injini moja kutoka Nantes kwenda Cardiff, nayo ikaanguka baharini. Wachunguzi wa Uingereza walikuta katika damu yake kaboni monoksaidi kiasi cha sehemu 58 katika 100. Niliposoma habari ile naliiweka karatasi chini nikatoka nje.

Kabla ya kuondoka Minnesota nalikwenda nao bandani. Mwana alikuwa ameandika kasoro ile katika daftari Jumamosi ile ile usiku, kwa simu, akimsomea yule mwalimu naye akaandika, ili asije akairusha pamoja na watoto wake itakaporudishwa. Mzee akavaa miwani, akasoma mstari kwa mstari. Kisha akaomba kalamu. Mahali palipoandikwa kwamba joto lilifunguliwa dakika 5 kabla ya onyo, alikata, akaandika 10. "Ni mimi niliyeliomba," akasema, "mimi najua."

Niliporudi nyumbani nalimsimulia baba yangu habari yote, tukiota moto, nami sikuficha mahali nilipofikiri juu ya motakaa yetu. Alisikiliza hata mwisho. Aliuliza baridi ya huko ilikuwa kiasi gani, nikamwambia. Akauliza kama yule mzee angali hai. Kisha akakaa kimya muda mrefu, akaninyoshea kikombe nimwongezee chai, akasema, "Na mguu wa dada yako, humwuma wakati huu wa baridi?"

Nikamwambia, "Humwuma, Baba."

"Mwambie aje Jumapili," akasema. "Nataka kumwuliza mwenyewe."